Maji ya Birika la Habsa

Jumamosi ile ambayo mchungaji alingojewa Isiolo, Gatakaa alikuwa amepiga magoti ndani ya nyumba ya maombi, akisugua sakafu kwa gunia lililolowa, lakini moyo wake haukuwa pale. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati, ndogo, na Walutheri wa mji ule walikuwa wachache hivi kwamba mmoja akiugua, wimbo wa Jumapili ulipwaya. Kazi hiyo ilianzishwa na bwana mifugo mmoja kutoka Moshi, aliyewafundisha katekisimo jioni kwa mwanga wa karabai. Vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilipochacha, bwana mifugo alirudi kwao. Tangu hapo mchungaji alikuja kutoka Nairobi mara chache, barabara ikiruhusu, na siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa waumini wenyewe. Bwana Mungania, karani wa serikali na mzee wa kanisa, alisoma Neno. Gatakaa, mjane wa Kimeru aliyeuza viazi sokoni, alifagia, alitembelea wagonjwa, na aliomba. Kuomba ndiko alikokuweza hasa. Kusoma alikuanza ukubwani, katika masomo ya jioni ya ngumbaru, na kabla herufi hazijamzoea, amri ya kutotoka nje usiku ikayafunga masomo.

Siku hiyo alikuwa akimwombea mtoto mmoja. Akai, mke kijana wa mchunga ng'ombe aitwaye Lochoro, alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama njiwa. Hospitalini walisema apashwe joto na anyweshwe maziwa tone kwa tone, basi. Lochoro mwenyewe alikuwa malishoni huko Kipsing na mifugo ya tajiri wake, njia imefungwa, hajui hata kama ni baba. Mtoto angebatizwa kesho yake, Jumapili, mchungaji akifika.

"Mama Mutuma, hiyo sakafu utaitoboa," alisema Bwana Mungania kutoka mlangoni. "Mchungaji anakuja kuhubiri, si kulala chini."

Gatakaa aliinua kichwa. Nyuma ya Mungania alitokea mama mkwe wa Akai, bibi wa Kiturkana mwenye shanga zilizofunika shingo yote, akihema.

"Mtoto nakataa titi," alisema bibi. "Nakuwa baridi."

Gatakaa aliinuka, magoti yakidondosha maji. "Bwana Mungania, twende ukambatize sasa."

"Mimi?"

"Wewe ni mzee wa kanisa."

"Mzee wa kanisa si mchungaji. Mchungaji anaingia leo na msafara wa magari. Kesho mtoto atabatizwa mbele ya watu wote, kwa utaratibu."

"Na akifa kabla ya kesho?"

"Usimtabirie mtoto kifo, mama."

"Bwana mifugo alitufundisha. Kukiwa na hatari, Mkristo yeyote aliyebatizwa anaweza kubatiza. Maji na Neno. Wewe ulikuwa umekaa pale, na mimi hapa."

"Nakumbuka vizuri. Alisema pia tusifanye mchezo. Leo wewe utabatiza viazi vikiwa kichwani. Kesho mlevi fulani atabatiza rafiki yake kwa busaa. Hilo litakuwa kanisa ama kilabu?" Halafu, alipoona uso wake, alishusha sauti. "Ngoja msafara, Mama Mutuma. Akishuka tu kwenye gari, tunampeleka kwa Akai moja kwa moja. Hata chai hatakunywa."

Gatakaa alikubali. Alimwambia bibi arudi amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kwamba mtu wa Mungu yuko njiani. Lakini alipokuwa akikamua lile gunia alijua ndani yake kwamba hakukubali kwa sababu ya utaratibu. Alikubali kwa sababu aliogopa. Akibatiza Mungania, sawa. Akibatiza mchungaji, sawa zaidi. Mradi isiwe mikono yake, iliyopasuka kwa udongo wa viazi. "Bwana, mlete mtumishi wako," aliomba akienda kwenye kizuizi cha barabara. "Mlete upesi, nisije nikaitwa mimi."

Msafara uliingia jua likiwa limeanza kulegea. Lori baada ya lori, vumbi tupu, na askari wameketi juu ya mizigo bunduki zikitazama nje. Gatakaa alichungulia kila kabini. Mwisho alimwona Mbaabu, dereva aliyemletea viazi, akishuka huku akijikung'uta.

"Mbaabu, mchungaji wetu yuko gari gani?"

"Yuko Nanyuki. Gari aliyopanda imechukuliwa kubeba askari. Amesema atajaribu wiki ijayo."

"Wiki ijayo!"

"Mimi ni dereva, mama, si shetani. Usiniangalie hivyo."

Alitaka kuuliza kama kulikuwa na gari lingine, lakini kabla hajafungua kinywa, filimbi zililia upande wa mtaa wa Bulapesa, ambako askari walikuwa wakikagua nyumba tangu asubuhi. Malori mawili ya askari yaliacha msafara yakakata kona kuelekea huko. Watu waliokuwa kizuizini walianza kutawanyika bila kukimbia, kwa ule mwendo ambao mji wote ulikuwa umejifunza, wa haraka lakini usiovuta jicho.

"Msako," alisema Mbaabu. "Nenda nyumbani, Mama Mutuma. Jifungie."

Nyumba yake ilikuwa upande huu wa barabara, na mtungi wake wa maji ulikuwa umejaa. Nyumba ya Akai ilikuwa upande wa pili, ndani kabisa ya Bulapesa. Kwa Mungania kulikuwa mbali, na hakukuwa na nafasi ya kwenda kumbembeleza tena. Gatakaa alisimama katikati ya vumbi akiomba apewe ishara, na hakupewa ishara yoyote. Alijifunga leso kiunoni akavuka. Nyuma yake askari walikuwa tayari wanajipanga, hatua kwa hatua, kuifunga ile njia.

Alimkuta Akai ameketi juu ya ngozi, macho makavu, mtoto kifuani. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya jivu. Alivuta pumzi, akakaa, hata ukadhani ndiyo basi, kisha akavuta nyingine.

"Mchungaji yuko wapi?" aliuliza Akai.

"Hakuja."

"Na Bwana Mungania?"

"Niko mimi."

Akai alimtazama. Halikuwa tazamo la dharau. Lilikuwa la mtu anayepima kamba kabla ya kuishika. "Basi fanya wewe," alisema.

Gatakaa alipiga magoti. "Nipeni maji."

Bibi na Akai walitazamana. Maji hayakuwepo. Bomba la mtaa lilifungwa asubuhi, na wabeba maji hawakuruhusiwa kupita. Bibi aliinama akatoa kibuyu kilichoning'inia ukutani, akakitikisa taratibu, akakiweka mikononi mwa Gatakaa.

"Ngakile," alisema. Maziwa. "Ya mbuzi. Ya leo. Hiyo ni baraka kubwa kuliko maji. Sisi nabariki mtoto na hiyo."

Kibuyu kilikuwa na joto. Gatakaa aliitazama midomo ya jivu, akaitazama ile shingo nyembamba, na moyo ukamwambia mwaga tu, Mungu anaona. Bibi aliona anasita, akalowesha kidole chake mwenyewe katika maziwa, akamgusa mtoto kwenye paji, akanong'ona maneno ya kwao. Gatakaa aliinamisha kichwa mpaka bibi akamaliza. Kisha akamrudishia kibuyu.

"Ni baraka, bibi, sikatai. Lakini nikitumia maziwa, kesho nitajiuliza kama mtoto amebatizwa. Na Akai atajiuliza miaka yote. Tulifundishwa maji."

"Maji iko wapi?" bibi alifoka. "Unataka mtoto nangoja mvua?"

"Nani ana maji karibu?"

"Habsa," alisema Akai. "Lakini huwezi. Nyumba yao wamepiga chokaa."

Gatakaa alijua maana yake. Nyumba iliyokwisha kukaguliwa na kupigwa alama ya chokaa mlangoni haikuruhusiwa kuingiwa wala kutokwa. Alimjua Habsa pia, na walikuwa wakiitana kwa majina ya watoto wao, Mama Asho na Mama Mutuma. Mumewe, Dualeh, alikuwa na lori lake la mizigo. Babu yake Dualeh alikuja Isiolo akiwa askari wa Mwingereza, na sasa mjukuu alikuwa amekalishwa uwanjani tangu asubuhi, na Wasomali wengine, akiulizwa na askari analala wapi na anambebea nani.

Gatakaa alitoka akijibanza kwenye ua wa miiba. Filimbi ililia mtaa wa pili. "Mama Asho," aliita kwa sauti ya chini. "Mama Asho, hodi."

"Nani?" Sauti ya Habsa ilitoka upande wa pili wa ua, kali, ingawa ilimwita dada kwa Kisomali. "Rudi, abaayo! Huoni chokaa?"

"Naomba maji kidogo. Ya mtoto wa Akai."

"Ya kunywa?"

Angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi. Lakini Gatakaa aliogopa kuianza kazi ya Mungu kwa uongo.

"Ya kubatiza. Mtoto anakata roho."

Kupitia miiba aliona kipande cha uso na jicho moja, jekundu kwa kulia.

"Unaniomba maji ya kumfanya mtoto Mkristo," alisema Habsa.

"Ndiyo."

"Leo. Mume wangu amepigwa na jua uwanjani tangu asubuhi, na walioshika bunduki ni watu wa kwenu."

"Ndiyo, Mama Asho."

"Huna haya?"

"Haya ninayo. Maji ndiyo sina."

Habsa alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko ikaishia kama kwikwi. "Pipa letu wamelimwaga wakitafuta bunduki," alisema. "Nani anaficha bunduki ndani ya maji? Yamebaki ya birika langu la kutawadhia tu. Ya swala ya magharibi."

"Basi siwezi kukuondolea hayo."

"Nani amekuuliza? Mimi nikikosa maji natayamamu kwa mchanga, Mungu ameruhusu. Wewe huwezi kubatiza kwa mchanga?"

"Siwezi."

"Basi dini yenu ni ngumu." Aliondoka. Gatakaa alibaki amechuchumaa miibani, akisikiliza viatu vizito vikipita mbele ya nyumba, akihesabu moyoni pumzi za mtoto ambazo hakuweza kuzisikia. Habsa alirudi, akasogeza tawi moja la ua, akapenya, mtandio umenaswa na miiba, birika la bati mkononi. "Hili ni la mama yangu. Haliendi mahali bila mimi."

"Wewe! Nyinyi wawili! Simama!"

Askari alikuwa ametokea pembeni ya choo. Alikuwa kijana, jasho limechora njia kwenye vumbi la uso wake, na bunduki yake ilihama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Hilo ndilo lililomtisha Gatakaa zaidi.

"Nini hiyo mnapeleka?"

"Maji, afande."

"Mnampelekea nani? Nani amejificha?"

"Mtoto mchanga. Anakufa. Naenda kumbatiza."

"Wewe ni padre?"

"Mimi ni muuza viazi."

Askari alimtazama, akamtazama Habsa, akatazama mlango wenye chokaa. "Na huyu Msomali ni nani? Askofu?"

"Ni mwenye maji," alisema Gatakaa.

"Kunywa, nione kama ni maji," askari alimwamuru Habsa.

Habsa alijimiminia kiganjani akanywa bila kumwondolea macho. Askari akanyoosha bunduki kwa Gatakaa, naye akanywa. Yalikuwa na ladha ya bati. Gatakaa alichukua kidogo iwezekanavyo, na hata hivyo aliyasikia yakipungua, yakigonga tumbo la birika kwa sauti nyepesi.

"Nyumba gani?"

Alimwonyesha. Askari alitangulia, akasukuma mlango kwa mguu, akachungulia. Alimwona Akai, akamwona bibi, akaona kile kidude kifuani. Aligeuka haraka kama mtu aliyeingia mahali pasipo pake.

"Fanya upesi," alisema, akawapa mgongo. "Halafu huyu arudi kwake."

Ndani, Gatakaa alimpokea mtoto. Hakuwa na uzito wowote. Na hapo, mbele ya wote, maneno yakamtoka kichwani. Yote. Sentensi ile aliyoirudia chini ya karabai mpaka akaiota, haikuwepo. Alisikia kiatu cha askari kikisaga kokoto nje.

"Bwana," alisema kwa sauti, kwa sababu hakuwa na kingine cha kusema, "nimesahau. Nisaidie."

Bibi aliguna. Habsa, pale mlangoni, alisema taratibu, "Anza na jina lake, abaayo. Mtoto anaitwa nani?"

"Baba yake hajarudi kumpa jina," alisema Akai.

"Mpe wewe," alisema Gatakaa.

Akai alifikiri kidogo. "Nakiru. Jina la mama yangu aliyekufa."

"Nakiru," alisema Gatakaa, na jina lilipotoka, mengine yakafuata. Habsa aliinamisha birika akammiminia kiganjani. "Nakubatiza kwa jina la Baba," na maji yakashuka kwenye utosi. "Na la Mwana." Kiganja cha pili. Nje lori liliangusha mlango wake wa nyuma kwa kishindo, wote wakaruka, na mtoto akatoa sauti ndogo kama ya mlango wa kabati. Birika lilikuwa limekauka. Habsa alilitikisa, akaliinamisha zaidi, na matone machache yakadondoka kutoka mdomo wa birika. "Na la Roho Mtakatifu. Amina."

Gatakaa alidhani amani ingeshuka. Haikushuka. Alimfuta mtoto kwa upindo wa leso huku akiwaza kama matone yale ya mwisho yalitosha, kama alitamka yote, kama Mungania alikuwa na haki kumzuia. Habsa alikuwa amekwisha kuondoka na birika lake. Akai alimchukua mtoto, akamweka tena kifuani, akafunga macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia.

Amri ya kutotoka nje ilimkuta Gatakaa mle mle. Nakiru alikata roho kabla hakujapambazuka, mikononi mwa mama yake.

Asubuhi ya Jumapili, njia ilipofunguliwa, Bwana Mungania alifika amevaa koti la kanisani. Wanaume wa Kisomali walikuwa wakirudi kutoka uwanjani kwa makundi madogo, kimya. Miongoni mwao alikuwemo Dualeh, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mungania aliwapisha, akasimama mbele ya mlango wa Akai. Gatakaa alitoka kumlaki. Alikuwa amejiandaa kukaripiwa.

"Nimesikia," alisema Mungania. Alikohoa. "Ulitumia maji?"

"Maji."

"Si maziwa? Huku huwa wanatumia maziwa."

"Maji, Bwana Mungania."

"Ukataja majina yote matatu?"

"Yote. Hilo la mwisho maji yalikuwa machache."

"Machache ni maji." Alisugua kidevu. "Mashahidi?"

"Akai. Bibi. Na Mama Asho."

"Mama Asho gani?"

"Habsa wa Dualeh. Maji yalikuwa yake. Ya birika la kutawadhia."

Mungania alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kulikuwa na kitu humo, akaivaa tena. "Mchungaji ataniuliza juu ya hilo birika."

"Mwambie ni mimi."

"Nitamwambia ni sisi." Aliyageuza macho barabarani. "Jana niliposikia filimbi nilijifungia ndani, Mama Mutuma. Nikajiambia kwamba nangoja mchungaji. Nilijua msafara umekwisha kuingia."

Gatakaa alimshika mkono wa koti kidogo, akauachia.

"Tutamzika leo, baada ya ibada," alisema Mungania. "Pamoja na watu wetu. Amebatizwa, ni wa kanisa. Mimi nitachimba."

"Na nani atasoma?"

"Wewe."

"Bwana Mungania, mimi bado naunganisha herufi. Nitakwama mbele ya watu."

"Basi usisome. Sema. Mimi sikuwepo mtoto alipobatizwa, nitasema nini juu yake?"

Walimpeleka mchana, watu wachache tu, wale waliokuwa wamekuja kumsikiliza mchungaji. Mungania alikuwa amechimba mwenyewe katika ardhi ngumu kama tofali, na koti lake zuri lilikuwa limening'inia mtini. Upepo ulikuwa mkali. Mbali kidogo, barabarani, doria ya askari ilisimama kutazama ni mkusanyiko gani ule, na watu walianza kugeuza vichwa na kusogeleana.

Gatakaa aliona wote wanamngoja. Akai alikuwa amekibeba kile kifurushi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, na yeye peke yake hakuwa anaitazama barabara. Alikuwa anamtazama Gatakaa. Kama jana, hakukuwa na mwingine wa kutumwa. Alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akaweka mkono wake juu ya kifurushi, na akaanza kumweleza Mungu, kwa sauti ambayo hata wale wa barabarani wangeisikia, mtoto yule ni nani.